Watu Waliotunza Lugha Yao Ugenini

Mwaka 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella wa Hispania walitoa amri kwamba kila Myahudi katika nchi yao ama abatizwe ama aondoke. Maelfu kwa maelfu waliondoka. Wengine walivuka bahari wakaenda Moroko, na wengi wakapokewa katika dola ya Sultani wa Uturuki, wakakaa Istanbul, Izmir, na hasa Salonika. Ajabu ni kwamba baada ya miaka mia nne na zaidi wajukuu wa wajukuu wao walikuwa bado wakisema Kihispania cha kale. Mama alimbembeleza mtoto kwa lugha hiyo, mchuuzi alinadi samaki kwa lugha hiyo, na magazeti yalipigwa chapa kwa lugha hiyo hiyo, ila kwa herufi za Kiebrania. Hispania iliwatupa wao, lakini wao hawakuitupa lugha ya Hispania.

Msomaji aweza kudhani kuwa haya ni mambo ya Wayahudi peke yao, watu waliozoea kutawanyika tangu zamani za Babeli. Sivyo. Mtu wa Kenya akitaka kujua jinsi taifa dogo liwezavyo kukaa ugenini vizazi vingi lisiisahau asili yake, hana haja ya kupanda meli kwenda Salonika. Na avuke daraja la mto Tana, aingie Garissa, kisha ashike njia ya mchanga iendayo Dadaab, kiasi cha kilometa 100 kuelekea mpaka wa Somalia. Nchi ni kame, miti yake ni migunga na vichaka vya miiba, na wenyeji wake ni Wasomali wafugao ngamia, ng'ombe na mbuzi. Huko, tangu mwaka 1991 na 1992, zimekuwako kambi tatu za wakimbizi, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera. Zilikusudiwa watu 90,000, na mwaka 2011, wakati wa ukame mkubwa, walikuwamo karibu nusu milioni.

Katika kundi kubwa hilo la Wasomali waliokimbia vita walikuwamo watu wachache wasiokuwa wafugaji. Walikuwa wakulima. Walipopata maji kidogo, walipanda mboga kando ya mabomba. Walijenga nyumba za watu wengine kwa ujira, wakabeba maji na kuni. Na baadhi yao, walipokaa jioni wenyewe kwa wenyewe, walisema Kizigua.

Kizigua ni lugha ya Handeni, Korogwe na Pangani, katika Mkoa wa Tanga wa Tanzania. Kutoka Handeni mpaka Dadaab ni mwendo wa mbali sana, na watu wale hawakutoka Handeni. Walitoka bonde la mto Juba, kusini mwa Somalia, walikozaliwa wao na baba zao na babu zao. Basi ilikuwaje?

Yatubidi kurudi nyuma karibu miaka mia mbili. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliingia Uzigua kwa sababu mvua zilikosekana mwaka baada ya mwaka. Wazee husimulia kwamba watu wa pwani waliwaahidi kazi na chakula katika nchi ya mbali, nao kwa njaa yao wakakubali kupanda majahazi. Waliposhuka walijikuta wametiwa utumwani katika bandari za Somalia, wakagawanywa katika mashamba ya bonde la Shebelle. Hawakuwa peke yao. Katika karne ile ya kumi na tisa biashara ya watumwa ilipeleka huko pia Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo na wengine wengi. Walakini Wazigua walifika wakiwa makundi ya jamaa na majirani, wakisema lugha moja, na hilo hapana shaka liliwafaa baadaye.

Masimulizi ya Wazigua wa Juba yasema kwamba mwanamke mmoja, jina lake Wanakhucha, ndiye aliyewaongoza kutoroka. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Walitembea kuelekea kusini, mpaka wakafika mto Juba, wakaona udongo mweusi na msitu mnene. Yasemwa kwamba hapo ardhi ilitetemeka, na Wanakhucha akaifasiri kuwa ni ishara ya kwamba wasiendelee kwanza, bali wakae. Wakakaa, wakafyeka msitu, wakapanda mahindi. Sehemu ile ikaitwa Gosha, maana yake msitu, na ikawa kimbilio la watumwa wengine waliotoroka baada yao. Msitu ulikuwa ngome yao, maana mfugaji wa ngamia hapendi kuingia penye mbung'o na matope.

Yafaa kukumbuka kwamba ukingo wa magharibi wa mto ule ulikuwa sehemu ya Kenya mpaka mwaka 1925, Waingereza walipoikabidhi nchi ya Jubaland kwa Waitalia. Laiti mpaka usingalisogezwa, huenda Wazigua hawa wangalihesabiwa leo pamoja na Wapokomo na Wamalakote wa mto Tana, ambao nao ni wakulima wa Kibantu wakaao kando ya mto katikati ya nchi ya wafugaji. Mambo yakawa mengine. Chini ya Waitalia, katika miaka ya 1930, watu wa Juba walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba makubwa ya ndizi na pamba ya wazungu, mpaka majeshi ya Waingereza yalipoingia mwaka 1941. Wazee waliziita siku hizo kwa neno la Kiitalia, kolonya, na neno hilo kwao lilikuwa na uchungu kama neno utumwa.

Sasa swali kubwa ni hili: Wazigua walitunzaje lugha yao muda wote huo? Hawakuwa na kitabu hata kimoja kilichoandikwa kwa lugha yao. Hawakuwa na shule. Walisilimu, wakawa Waislamu kama majirani zao, na watu wa dini moja huchanganyika upesi. Mwaka 1972 Serikali ya Somalia ilipoiandika lugha ya Kisomali na kuifanya kuwa lugha ya nchi, watoto wao walijifunza kusoma kwa Kisomali. Na wenzao waliokaa juu zaidi ya mto, wengi wao watoto wa watumwa waliofika baadaye mmoja mmoja kutoka makabila mbalimbali, waliacha lugha za babu zao wote, wakasema Kimaay, ambacho ni usemi wa wakulima wa Kisomali. Watu wa mto mmoja, wa taabu moja, lakini huku lugha imebaki na kule imekufa.

Jibu moja limekwisha kutajwa, yaani walifika pamoja. Jibu la pili ni la akina mama. Katika desturi ya Wazigua wa Juba undugu ulihesabiwa kwa upande wa mama, na ngoma za ukoo zilirithiwa kwa upande huo huo. Mtoto alijua yeye ni wa ngoma ya nani kwa kumwangalia mama yake. Ngoma hizo zilikuwa na nyimbo zake na maneno yake, na mtu asiyejua lugha hawezi kuingia ndani yake. Masheikh wengine hawakuzipenda ngoma hizi, wakazikemea. Hata hivyo kwa vizazi vingi zilifanya kazi ambayo penginepo hufanywa na shule.

Jambo hili halifanani hata kidogo na desturi ya Wasomali wenyewe. Mtoto wa Kisomali wa Garissa, akiwa bado mdogo, hufundishwa kutaja majina ya baba yake, babu yake, na baba wa babu yake, na kuendelea hivyo mpaka majina ishirini au zaidi, hata afike kwa mwanzilishi wa ukoo. Wakikutana watu wawili wasiojuana, mmoja akiwa ametoka Wajir na mwingine Kismayu, huulizana, huhesabu, na mara hugundua ni jamaa kwa babu wa kumi au wa kumi na mbili. Mtu huyo aweza kupotea jangwani, aweza kwenda London au Dubai, na popote aendapo amebeba ramani yake kichwani. Ndiyo maana Wasomali waliotawanyika duniani wamejua kutafutana na kusaidiana upesi sana. Nasaba yao ni barua ya utambulisho isiyohitaji mhuri.

Wayahudi nao wana hesabu yao. Kwa sheria yao Myahudi ni yule aliyezaliwa na mama Myahudi, au yule aliyeingia dini yao kwa taratibu zake. Kwa upande huo wanafanana na Wazigua kuliko na Wasomali. Lakini hawakuitegemea damu peke yake. Walijiwekea kawaida za kila siku na za kila juma ambazo zilimshika mtu hata asipofikiri juu yake. Sala ya jamaa haiswaliwi mpaka wawepo watu wazima kumi, wanaume kwa desturi ya kale, na kwa hiyo Myahudi hawezi kukaa peke yake mashambani akatimiza dini yake yote. Tena siku ya Sabato, yaani tangu Ijumaa jioni hata Jumamosi jioni, hawapandi chombo, bali huenda sinagogi kwa miguu. Tazama jinsi sheria hiyo ndogo inavyofanya kazi kubwa. Mtu asiyeweza kupanda gari atanunua nyumba karibu na sinagogi, na jirani yake vivyo hivyo, na mara mtaa mzima umekuwa wa jamaa moja. Katika karamu ya Pasaka mtoto aliye mdogo kuliko wote ndiye aulizaye maswali, na wazee wanalazimika kujibu kwa kusimulia jinsi babu zao walivyotoka utumwani Misri. Hapo mzee hawezi kusema kwamba amechoka au amesahau.

Hapa Afrika ya Mashariki mifano iko. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi nchi ya Uasin Gishu wapate kukaa. Mkutano wao mkuu ulikataa mwaka 1905, maana wengi walisema hawataki kimbilio lolote ila Palestina. Jamaa chache hata hivyo zilikuja zenyewe, na mwaka 1912 jiwe la msingi la sinagogi la Nairobi likawekwa. Huko Uganda, karibu na Mbale, Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari na mtawala, alisoma Agano la Kale akaamua mwaka 1919 kuifuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Hao ndio Abayudaya. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, na waliobaki walisali kwa siri. Alipoondolewa mwaka 1979 walikuwa wamesalia mia chache tu, lakini wakaanza tena. Hawakutoka Yerusalemu, wala mama zao hawakutoka huko. Walijifungia kamba kwa hiari yao wenyewe, na kamba hiyo ikawa na nguvu.

Sasa turudi Juba, maana kutunza asili si jambo la kupendeza tu. Kuna wakati ambapo watu hulipa gharama yake.

Katika nchi ya Somalia Mbantu wa Juba aliitwa jareer, yaani mwenye nywele ngumu, na mara nyingine aliitwa waziwazi mtumwa, ijapokuwa yeye wala baba yake hakupata kuwa mtumwa wa mtu. Wengi wa wale walioacha lugha zao za kale walijiunga na koo za Kisomali wapate ulinzi. Mwezi wa Januari 1991 Serikali ya Siad Barre ilianguka na nchi ikagawanyika kwa koo. Majeshi ya koo yaliyokuwa yakipigana yalipita Juba mara kwa mara, na kila lililopita lilichukua mahindi katika maghala, likaua, likatenda mabaya kwa wanawake. Aliyeibiwa ngamia alikuwa na ndugu zake wa kumlipia kisasi, na kwa sababu hiyo mwizi alifikiri mara mbili. Mkulima wa Juba hakuwa na mtu. Koo zile walizojiunga nazo hazikuwatetea. Kwa hiyo yule aliyetunza Kizigua na yule aliyekiacha walikuta jambo moja, na wote wawili wakashika njia ya Kenya.

Walifika Liboi, kisha Dadaab. Walakini ndani ya kambi walikutana na watu wale wale. Walikaa pembezoni, ambako majambazi hufika kwanza usiku, wakazungushia makazi yao ua wa miiba. Ndipo maofisa wa mashirika walipowapa jina jipya, Wabantu wa Somalia. Jina hilo wao wenyewe hawakulijua zamani. Mzigua alijijua kuwa Mzigua, na wa juu ya mto alijijua kwa kijiji chake. Lakini jina lililoletwa na mgeni likawafaa, maana liliwaunganisha watu waliokuwa wakidharauliwa kwa sababu moja, nao wakaanza kulitumia kudai haki zao.

Wazigua walikuwa na dai la namna ya pekee. Waliwaambia watu wa Umoja wa Mataifa kwamba wao wana kwao, nako ni Tanzania, na wanataka kurudi. Fikiri, msomaji, jinsi dai hilo lilivyokuwa. Walikuwa watu ambao hawakuiona Handeni kwa macho, ambao babu wa babu zao walipandishwa jahazi karibu miaka 160 iliyopita, nao wasema twataka kurudi kwetu. Hati yao ya kusafiria ilikuwa ni ulimi. Mtu wa Handeni akisikiliza maneno yao ya jikoni na ya shambani huyafahamu, nao humfahamu yeye.

Tanzania ililifikiria jambo hilo, lakini mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Kagera kwa malaki, na mashauri yakasimama. Mwaka 1997 Msumbiji iliombwa, kwa kuwa wengine katika watu hawa asili yao ni Wamakua na Wayao. Ilikubali kwanza, kisha ikaona haina uwezo. Mwishowe, mwaka 1999, Marekani ilisema itawapokea. Mwaka 2002 walisafirishwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi kambi ya Kakuma katika Turkana, safari ya kilometa 1,500 na zaidi, kwa kuwa wasaili waliogopa hatari za Dadaab. Tangu mwaka 2003 wakaanza kupanda ndege. Waliokwenda wote walikuwa kama 12,000.

Hapo mambo yaligeuka kwa namna ya kushangaza. Ule Ubantu uliokuwa sababu ya kudharauliwa ulikuwa sasa mlango wa kwenda Marekani. Watu wasiokuwa Wabantu walijaribu kujiandikisha, na kadi za chakula zilinunuliwa na kuuzwa. Maofisa waliuliza maswali mengi ili wajue nani ni Mbantu wa kweli. Wengine waliokuwa wa kweli walikataliwa, na jamaa nyingine zikakatwa vipande, mama akaenda na mtoto akabaki. Si kazi rahisi kumpima mtu asili yake kwa maswali ya saa moja mezani, hasa mtu ambaye ameshakimbia mara mbili. Hapana budi kusema kwamba katika kazi ile makosa yalifanyika, na walioumizwa na makosa hayo hawakuwa na mahali pa kukata rufani.

Wakati huo huo Wazigua wengine walikuwa wamekwisha kufika Tanzania kwa njia zao wenyewe, wakakaa katika kambi ya Mkuyu, Handeni. Mwaka 2003 walihamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa ardhi ya kulima, na baadaye Serikali ya Tanzania ikawapa wengi wao uraia. Hawakuzidi watu elfu chache, na habari yao haikuandikwa sana katika magazeti ya dunia. Walakini ni vigumu kupata mfano mwingine katika Afrika ya Mashariki wa watu waliochukuliwa utumwani ambao wajukuu wao wamerudi wilaya ile ile, wakisema lugha ile ile. Safari ambayo Wanakhucha aliisimamisha kwenye mto Juba, hao wameimaliza.

Wamebaki sasa katika sehemu tatu au nne: mabondeni Juba, ambako wengi wangali wanaishi; Chogo; katika miji ya Marekani kama Columbus, Lewiston, Syracuse na San Diego; na mabaki yao Dadaab, pamoja na waliokosa kuandikwa au waliofika baada ya mlango kufungwa. Wanapashanaje habari?

Katika miaka ya 1990 Wasomali wa Dadaab walikuwa na redio za kupiga na kupokea, walizoziita taar. Mtu alilipa fedha kidogo, akakaa katika kibanda, akamwita ndugu yake Kismayu au Mogadishu kwa sauti kubwa, na wote waliokaa foleni wakasikia shida zake. Kulikuwako pia kanda za kaseti. Mzee asiyejua kuandika alisema maneno yake katika kaseti, ikachukuliwa na msafiri, na jibu likarudi kwa njia hiyo. Fedha zilitumwa, nazo bado hutumwa, kwa hawala, ambayo husimama juu ya uaminifu wa mtu na mtu, si juu ya majengo ya benki. Siku hizi simu ya mkononi imeziweka kando taar na kaseti, na kikundi cha WhatsApp chaweza kuwa na mtu wa Chogo, wa Ifo na wa Columbus kwa dakika moja.

Wayahudi walifanya hivyo kwa karatasi. Katika sinagogi moja la Fustat, mji wa kale wa Misri, palikuwa na chumba cha kutupia karatasi kuukuu, kwa kuwa hawakupenda kuichoma karatasi iliyoandikwa jina la Mungu. Karatasi zilikaa humo tangu karibu miaka elfu moja iliyopita, na mwaka 1896 mtaalamu Solomon Schechter alikwenda akazichukua nyingi hadi Cambridge, vipande karibu 200,000. Humo zimo barua za wafanyabiashara wa Misri, Aden na pwani ya Bara Hindi. Katika barua moja mtu hutaja pilipili na chuma, huuliza habari za ndoa ya binti, hulalamika kwamba ndugu yake hajamjibu, kisha huuliza fatwa ya sheria. Myahudi wa Yemen aliyekuwa na shaka juu ya dini aliandika Misri, akangoja miezi, akajibiwa. Watu hawa waliunganishwa na biashara, ndoa na maswali, yote katika bahasha moja. Mtu wa hawala wa Garissa angezisoma barua hizo akaona ni za kazi yake.

Lakini barua ya Fustat ilikuwa na nguvu moja ambayo simu haina: iliandikwa. Kizigua cha Juba kilitunzwa kwa mdomo miaka 160 kwa sababu watu walikaa vijiji karibu karibu, na mtoto hakuwa na lugha nyingine ya kuchezea. Huko Lewiston mtoto huenda shule ya Kiingereza tangu asubuhi, hurudi akatazama televisheni ya Kiingereza, na mama, aliyekuwa akitegemewa na lugha yote, yuko kazini zamu ya usiku. Wazee wa huko wamekodi mashamba, wanalima mahindi katika nchi ya theluji, wakiwachukua watoto wakati wa kiangazi, na huenda lugha ikadumu shambani kuliko sebuleni. Wataalamu wa lugha wa Marekani wamekaa na baadhi ya wakimbizi hawa, wakarekodi sauti zao na kuandika habari za sarufi yao. Hiyo ni kazi njema, lakini sarufi iliyomo kabatini haimwamshi mtoto. Wayahudi wa Salonika walikuwa na magazeti, vitabu na shule, na mwaka 1943 Wajerumani waliwapeleka karibu wote Auschwitz kwenda kuuawa. Lugha yao leo husikika kwa wazee wachache tu. Basi hata maandishi si kinga ya kila jambo.

Kwa upande wa Dadaab, mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba kambi zitafungwa, na mwezi wa Februari 2017 Mahakama Kuu ikaizuia amri hiyo. Mwezi wa Machi 2025 ulitangazwa Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kawaida, ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali pamoja. Katika shule za kambi hufundishwa masomo ya Kenya, na kwa hiyo mtoto wa Kizigua wa Ifo hujifunza Kiswahili. Hapo ana neema na hatari kwa pamoja. Kiswahili ni ndugu wa karibu wa lugha yake, hukishika upesi kuliko wenzake wa Kisomali. Lakini ndugu aliye mkubwa na mwenye sauti humfunika mdogo, kama walivyokwisha kuona Wazigua wenyewe wa Handeni, ambao vijana wao wa mjini sasa husema Kiswahili zaidi.

Mtu wa Chogo anapozungumza kwa simu na jamaa yake wa Columbus, maneno ya kale hupita bila shida: maji, moto, jembe, mjomba. Wanapokwama ni kwenye maneno ya mkopo. Wa Juba amechukua ya Kisomali na ya Kiitalia, wa Handeni ya Kiswahili, na sasa wa Columbus anaongeza ya Kiingereza. Hapo mmoja humwuliza mwenzake ana maana gani, naye hulitafuta neno la zamani.